Kicheko cha Baba Kilichosafishwa

S.L.P. 41,
Nunguni,
Makueni.

28 Julai 2024

Mpendwa dada yangu Mbinya,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, pamoja na baridi yote ya Julai ambayo ningekufungia kwenye bahasha kama ingewezekana. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuinua wagonjwa umepoa. Je, bado wanakupa zamu za usiku? Unakula chakula cha kueleweka au ni ile mikate tu?

Sisi huku hatujambo kwa jumla. Ukungu umekaa mlimani wiki nzima, nguo hazikauki na kila mtu anakohoa, lakini hakuna aliyelala kitandani. Mke wangu Mwongeli anakushukuru kwa sweta, inamtosha na kubaki kidogo. Mama anakula vizuri. Macho yake ni yale yale: mwanga anauona, watu hawaoni, na sisi hutujua kwa namna tunavyokanyaga.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwa kalamu kana kwamba tuko enzi za baba. Sababu ni kwamba nimejaribu simu. Kila nikikaribia kulisema jambo lenyewe unaniambia uko kazini, utanipigia, na mimi ninapandwa na hasira nakata. Leo nimejifungia dukani baada ya ibada, manyunyu yanaanguka, hakuna anayekuja kununua misumari, na binamu yetu Muthama ameahidi kuibeba barua hii akirudi huko Leeds, kama alivyoubeba mzigo wako. Kwenye karatasi huwezi kuniambia nifupishe.

Jambo lenyewe ni ile DVD.

Kwanza asante. Nasema asante nikimaanisha, ili usije ukasema baadaye kwamba kaka yako hana shukrani. Muthama alipofungua begi na kutoa lile sanduku la *Ploti ya Sururu*, kichekesho chetu cha zamani cha TV, msimu wa pili mzima, na picha ya Bwana Sururu mwenye ploti amejishika kiuno mbele ya lango lake, mimi mzee mzima nilihisi nimerudi mtoto. Niliona ile sebule yetu ya zamani. Niliona TV ya betri ya gari, nusu ya soko la Nunguni wamebanana kwenye viti vyetu siku ya Alhamisi jioni, na baba akizunguka na antena kama mtu anayetafuta maji ardhini.

Na kubwa zaidi, nilikumbuka ule msimu wa pili wenyewe. Kwaya ya wanaume ilipokwenda Nairobi kuimba, wale watu wa televisheni wakaiomba ikae studioni wajaze viti vya watazamaji, kwa kuwa siku hiyo watu walikuwa wachache. Baba yetu Kisilu akakaa hapo mchana kutwa akitazama vipindi vikirekodiwa kimoja baada ya kingine, na akacheka vyote. Vilipokuja kuonyeshwa, hakuna mtu hapa aliyehitaji kuambiwa. Kile kicheko cha kuchelewa, kinachokataa kushika kama pikipiki asubuhi ya baridi, halafu kikishika hakizimiki! Watu wa soko walikuwa wakisema wanamtazama Sururu lakini wanamsikiliza Kisilu.

Sasa wewe ulimwambia mama kwenye simu, kwa kinywa chako, "Mama, nakutumia kicheko cha baba." Nilikuwa nimeshika hiyo simu, spika ikiwa wazi, kwa hivyo usinikatalie.

Labda hukujua alikichukuliaje hicho ulichosema. Mwaka huu, baada ya macho kufifia kabisa, aliniambia kwamba sura ya baba bado anayo, hata lile shati lake la kijani, lakini sauti imeanza kumtoka. Anaitafuta, haipati. Unajua kwamba hatuna sauti ya baba popote. Alikufa kabla hatujawa na simu za kurekodi, na kanda za kwaya ziliharibika zote paa lilipovuja. Basi tangu ulipotaja DVD, mama hakuwa na habari nyingine. Alikuwa akiniuliza kila jioni kama Muthama amepanda ndege.

Muthama alipoleta, hapakuwa na mashine ya kuichezesha. Hilo sikulaumu, nani bado ana mashine ya DVD? Nilikwenda Matiliku kwenye ule ukumbi wa video, nikakuta ni saluni. Mwishowe nikashuka mpaka Emali kwa Githaiga, yule anayeuza vifaa vya umeme, ambaye baba alimfundisha Kikamba alipokuja kufungua duka kutoka Murang'a. Aliitoa mashine yake chini ya kaunta, akaipangusa vumbi, na hakutaka chochote. Aliniambia tu, "Hii mashine ni mzee kama sisi. Ikikataa usiigombeze. Izime ipoe, halafu uwashe tena pole pole."

Nikaibeba nyumbani mapajani kama yai.

Mama alikuwa ameshaalika kina mama wa ushirika. Mimi nilitaka tuisikilize kwanza sisi wenyewe, kimya kimya, akakataa. Alisema Kisilu alikuwa wa watu wote, acha watu wote wamsikie. Jumamosi hiyo mchana walikuja wamevaa kama wanaokwenda kwenye harusi, mama akiwa na lile gauni la zambarau na kitambaa kipya kichwani. Mwongeli alipika isyo ya mahindi na maharagwe ya kutosha na chai ya tangawizi. Na kwa sababu hawa ni watu wa kanisa letu na hawajui kukaa pamoja bila utaratibu, walianza kwa wimbo, wakasoma neno, na Mama Kanyiva akaomba. Aliombea umeme usipotee, akakuombea wewe huko mbali, akamshukuru Mungu aliyewapa wanadamu akili ya kuhifadhi vicheko vya waja wake. Haya yote, dada yangu, kabla ya kutazama kichekesho ambacho ndani yake mtu anamficha mbuzi kitandani.

Nikabonyeza. Muziki ukaanza, ule wa filimbi na ngoma ndogo, na kina mama wote wakapiga makofi. Lango likafunguka, Sururu akatoka na ufunguo wake mkubwa, akasema neno lake la kwanza, watu wakacheka.

Mbinya, hawakuwa watu.

Nilijua mara moja, lakini nilijidanganya kwamba mashine ya Githaiga ndiyo mbovu. Nikaiacha iendelee. Mama alikuwa ameinamisha kichwa upande, mkono ameuweka nyuma ya sikio. Kila kicheko kikija alitabasamu kidogo, akingoja, na kikiisha tabasamu linaondoka. Kicheko chenyewe kilikuwa cha aina tatu tu. Kuna kidogo, kuna cha wastani, na kuna kikubwa ambacho mwishoni mwake mwanamke mmoja anapiga kelele nyembamba. Mwanamke yule yule, kelele ile ile, kipindi baada ya kipindi. Sasa namjua kuliko ninavyomjua mchungaji wetu, na simpendi.

Tukafika kwenye kipindi cha mbuzi. Unakikumbuka, huwezi kukosa. Sururu amesikia kwamba mpangaji wake Chengo anafuga mnyama chumbani, na Chengo amemvika mbuzi kitambaa cha kichwa, amemlaza kitandani na kumfunika blanketi, anasema huyo ni shangazi yake, mgonjwa, amekuja kutoka kijijini. Sururu anapiga magoti amwombee shangazi. Mbuzi anapiga chafya. Sururu anasema polepole, "Shangazi, pole." Hapo ndipo baba alipolipuka kabisa. Alicheka mpaka mwigizaji mwenyewe akasimamisha mchezo, akageuka upande wa watazamaji, akauma mdomo, akangoja. Kipindi kizima kilimngoja baba amalize. Sisi tulijivunia jambo hilo shuleni mpaka tukapigwa.

Basi sikiliza walichofanya. Sururu anasema "Shangazi, pole." Kinakuja kile kicheko kikubwa na mwanamke wake mwishoni. Kinaisha. Kisha kimya. Sururu yuko pale kwenye kioo amegeuka upande, ameuma mdomo, mabega yanamtetemeka, anangoja. Hakuna sauti. Anamngoja mtu ambaye wamemtoa. Kisha anarudi kwa mbuzi na kuendelea na maombi.

Mama haoni, kwa hivyo kwake kilikuwa kimya tu. Aliuliza, "Hawa wanaocheka ni akina nani?"

Nikamwambia ni watazamaji. Akasema, "Kisilu hayumo."

Mmoja wa wale kina mama, kwa wema wake, akasema pengine baba alikuwa akicheka kwa sauti ya chini siku hiyo. Kisilu, sauti ya chini! Mama alishika pindo la gauni lake akawa anakunja na kukunjua. Wageni wakamaliza chai wakaaga mapema, na mimi nikabaki na rimoti mkononi nikiwa na hamu ya kumpiga mtu.

Ndipo nikasoma sanduku. Nyuma, kwa herufi za dhahabu, wanajisifu kwamba picha na sauti zimesafishwa upya. Wamesafisha! Vumbi lipi waliloliona pale? Ukuta wa nyumba ya Sururu bado unatikisika mlango ukifungwa, hilo hawakulisafisha. Kipaza sauti bado kinaning'inia juu ya kichwa cha Chengo, hicho hawakukisafisha. Walichosafisha ni baba.

Nimezipitia diski zote baada ya hapo, peke yangu, nikizima na kuwasha mashine ya Githaiga kama alivyoniagiza. Nilikuwa nikitumaini wamemsahau mahali fulani, hata kikohozi. Hakuna. Na nikuambie kingine kilichoniudhi: kichekesho chenyewe si kizuri kama nilivyokiweka moyoni. Vipindi vingine ni watu wanagongana mlangoni tu. Nilicheka mahali pachache sana, na nikakasirika kwamba nimecheka. Nadhani nusu ya utamu ilikuwa kumsikia baba.

Niliwaandikia waliotengeneza hiyo DVD kwa simu ya Mwongeli. Walinijibu kwa kunishukuru kwa kuwa mteja wao.

Sikukata tamaa hapo. Nilikumbuka kwamba mume wa mama mdogo Kaluki, marehemu, alikuwa na mashine ya kurekodi kanda za video, na alikuwa akirekodi *Sururu*. Nikafunga duka, nikaenda hadi Kitui, nikaenda hadi Matinyani. Mama mdogo ni yule yule, anaongea kabla hujaketi. Kanda alikuwa nayo, chini ya kitanda, imeandikwa SURURU kwa mkono wa mzee. Tulizunguka Kitui mjini mpaka tukampata fundi mwenye mashine ya kanda inayofanya kazi. Akaiweka. Filimbi ikalia, ngoma ndogo, lango likafunguka, Mbinya, na mara ikaingia harusi. Walikuwa wamerekodi harusi ya mtoto wao wa kwanza juu yake. Nilikaa pale dukani kwa fundi nikitazama watu wakikata keki, na mama mdogo akinionyesha nani ni nani.

Nilimwambia yote, na sikuficha kwamba nina uchungu. Nilitaraji anihurumie. Badala yake alinitazama kama mtu aliyeona mjinga, akasema, "Na mnazunguka na makanda mkitafuta nini? Hicho kicheko si ni cha Mbinya? Ama mamako amesahau vile alikuwa anamfinya kanisani?"

Kama kuna mtu aliyewahi kunimwagia maji baridi, ni yeye.

Maana ni kweli, na hakuna aliyelifikiria. Mimi nimerithi mdomo wa malalamiko kutoka upande wa mama. Mwanangu anaitwa Kisilu, mama humwita mume wake kama ilivyo desturi yetu, lakini mtoto huyo akicheka husikii, mabega tu. Wewe ndiwe uliyepewa. Ulikuwa ukichelewa kama baba na ukishika huzimiki, katikati ya mahubiri, msibani, popote. Na mama alikuwa anakufinya ndani ya mkono na kukunong'oneza kwamba msichana hacheki kama madereva wa lori. Ulipofika kidato cha pili ulikuwa umejifunza kuweka kiganja mdomoni. Hata sasa kwenye simu ya picha, mtu akisema la kuchekesha, tunaona mkono tu.

Nilirudi nikamkuta mama amekaa nje kwenye kibaraza na ungo wa maharagwe, anachambua kwa vidole. Nilimweleza habari ya kanda na harusi, kisha nikamweleza maneno ya dada yake. Vidole vilisimama. Akaushika mkono wangu, akagusa upande wa ndani juu ya kiwiko. Akasema, "Nilikuwa nikimfinya hapa."

Kwa kuwa mimi ni mtu wa kutafuta suluhisho haraka, nikamwambia hilo si tatizo, nitakuambia ujirekodi ukicheka, utume kwa simu, atasikia jioni hiyo hiyo. Akarudisha vidole kwenye maharagwe. Akasema, "Asinitumie. Mimi nimetumiwa vitu vya kutosha."

Dada yangu, hapo ndipo hasira yangu ilipohama kutoka kwa wale wasafishaji ikaja kwako, na nimeibeba mpaka leo nikaona afadhali niiweke hapa. Nimekukasirikia. Umetuma birika la umeme, umetuma blanketi, umetuma dawa za macho na redio inayotaja saa. Vyote ni vizuri na vyote tunavitumia. Kila Desemba unasema Desemba ijayo. Najua kuna karatasi za huko, najua kuna zamu, najua nauli si mchezo, na sitaki unieleze tena. Nakueleza mimi. Mama amebaki na masikio tu, na hayo nayo siku hizi tunayapigia kelele kidogo. Sitaki siku moja niwe nakupigia simu uje kwa sababu nyingine.

Mashine ya Githaiga nimemwomba aniachie, amekubali bila neno. Ukija, tutaweka diski ile ya mbuzi. Nitazima sauti kabisa, huyo mwanamke wa kelele nyembamba asiingie nyumbani kwetu tena. Mimi nitamsimulia mama kinachoendelea, Chengo amefanya nini, Sururu amepiga magoti wapi, nimeshakariri. Tukifika kwenye chafya nitanyamaza. Ile nafasi ambayo Sururu amegeuka na kungoja bado ipo, hawakuweza kuikata. Itakuwa yako.

Msalimie mke wa Muthama, na wale Wakenya wenzako wa kanisani huko. Mwongeli anakusalimu, Kisilu mdogo anakusalimu na kuuliza kama ni kweli huko kunakuwa giza mchana. Mama mdogo Kaluki anakusalimu kutoka Matinyani, na anasema alikuwa upande wako tangu zamani. Githaiga naye amesema nisisahau kumtaja.

Mungu akulinde unapotoka na unapoingia, auponye mgongo wako, na alainishe mioyo ya hao wenye kutoa ruhusa za likizo.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,

Nzioka

N.B. Nilikuwa nimeshalamba bahasha, mama akaniita. Aliuliza kama nimemaliza kukuandikia, nikasema ndiyo, akasema nifungue niongeze neno lake moja. Anasema ukija, usiweke mkono mdomoni.